Mshenga wa Mafuta na Maji

Jumatatu, 8 Julai 1996

Leo nimeamka mtu mkubwa. Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kidevu kwa furaha. Si kitu.

Sendofu ya Victoria, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapahapa nyumbani Njoro, Moshi mjini. Binti yangu wa kwanza! Anaolewa na Jacob, kijana wa Marangu. Ukoo wa Jacob una duka la vipuri Himo na malori mawili. Wana pia tabia ya kunyamaza kabla ya kukujibu. Walipoleta mahari nilisimulia kisa kizuri sana kuhusu stoo ya kiwanda. Wakanyamaza. Baba mkubwa wa Jacob, Mzee Aminieli, ndiye msemaji wao. Aliniangalia kama mtu anayesubiri basi.

Kiwanda kilitupunguza mwaka juzi. Miaka kumi na tisa nilikuwa mtunza stoo msaidizi. Tangu siku hiyo mke wangu Bernadetha anashona sare za shule, Victoria ni nesi, na mimi nafikiri. Watu hawajui kufikiri kulivyo kazi ngumu.

Jana kikao cha familia kiligawa majukumu. Chakula amepewa Mektrida wa nyumba ya pili, mpishi wa shughuli zote za mtaa na mwanamke mwenye sauti. Nguo, Bernadetha. Mbege, pombe yetu ya ndizi, mjomba wa Kilema. Mimi, Sirili, baba mzazi, nimepewa kupokea wageni. Victoria akaongeza kwa upole kwamba hata hilo si lazima, nikae tu nipumzike.

Kukaa! Baba wa bibi harusi, mikono mitupu!

Basi wazo ni hili. Kila mgeni ataondoka na kichupa cha losheni iliyotengenezwa kwa mikono yangu. Sasa biashara huria, madukani losheni zimejaa kutoka Nairobi na Dubai. Na losheni ni nini? Mafuta na maji. Hakuna siri nyingine! Mafuta ya alizeti yapo stoo ya nyumbani. Maji yanatoka mlimani, safi kuliko ya Dubai. Jina nimeshapata: Losheni ya Kifalme.

Jumanne, 9 Julai

Mafuta nusu chupa, maji nusu chupa. Nikatikisa. Ikawa nyeupe! Nyeupe kama maziwa! Nikamwita Bernadetha aje ashuhudie. Alipofika kutoka kwenye cherehani, mafuta yalikuwa yameshapanda juu na maji yamebaki chini, kila mmoja upande wake, kama wanaume na wanawake kanisani enzi za babu. Bernadetha akaiangalia chupa. Akaniangalia mimi. Akarudi kushona.

Tatizo ni nguvu tu. Alasiri nimetikisa dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Chakula kilipoletwa mkono wa kulia ulikataa kushika kijiko. Ikabidi Bernadetha anilishe mtori. Mektrida akaingia wakati huohuo kuazima kinu. Akauliza kwa masikitiko kama ni kiharusi. Nikamjibu kuwa ni uzalishaji.

Mafuta yako juu. Maji yako chini.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata dawa! Haipo kwenye chupa, ipo kwenye lebo. Nimeandika kwa herufi kubwa: TIKISA KABLA YA KUPAKA. Dawa za hospitali nazo zinaandikwa hivyo, na hakuna anayezicheka.

Victoria alirudi kutoka zamu saa tisa nikampa wa kwanza ajaribu. Alitikisa vizuri, mtoto mtiifu. Bahati mbaya jirani akapiga hodi. Victoria akaitikia salamu, akaulizia watoto, akaulizia ng'ombe. Ndipo akamimina. Mafuta matupu! Kwenye sare yake nyeupe ya unesi, doa la ukubwa wa sahani ya chai.

Angenifokea ingekuwa nafuu. Akaenda kuloweka. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, nikamsikia akimwambia mama yake, "Mama, naogopa. Baba atanitia aibu mbele ya wakwe."

Nilikaa nje barazani mpaka chai ikapoa. Mlima ulikuwa umejifunika wote. Sikufikiri kitu chochote kwa muda mrefu, jambo ambalo halijanitokea tangu nipunguzwe.

Kisha nikaona kosa langu. Chumvi! Ukiitia chumvi kwenye maji inapotea kabisa. Haipandi juu, haishuki chini. Chumvi ina tabia njema. Nimetia vijiko vitatu ndani ya chupa ili mafuta yajifunze.

Ijumaa, 12 Julai

Hayakujifunza. Sasa nina mafuta juu na maji ya chumvi chini.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya historia!

Shemeji yangu Doris amekuja kusaidia maandalizi. Ni mdogo wake Bernadetha, mwalimu wa kemia sekondari. Hajaolewa, anavaa miwani, na akiongea nawe unajisikia umechelewa kuwasilisha daftari. Alikuta chupa zangu kumi na moja dirishani. Akauliza ni za nini. Nikamweleza habari ya chumvi na tabia njema. Aliuma mdomo. Kisha akaomba glasi tatu na tochi, akafunga dirisha la jikoni ili kuwe na giza.

Glasi ya kwanza akatia maji na chumvi, akakoroga, akamulika tochi kutoka ubavuni. Ndani ya maji sikuona kitu. Mwanga uliingia huku ukatokea kule, kama mgeni asiyesalimia. Doris akasema huo unaitwa mmumunyo. Chumvi imegawanyika vipande vidogo mno, hata mwanga haugongani navyo. Ukichuja, inapita. Ukiiacha mwaka mzima, haitui chini.

Glasi ya pili akatia udongo wa mgombani. Tukanywa chai. Tulipomaliza, udongo ulikuwa umelala chini kama askari wa zamu. Akasema vipande vya udongo ni vikubwa, vizito, havina uvumilivu. Ndiyo maana mbege hukorogwa kabla ya kugawiwa, la sivyo wa mwisho anakunywa machicha.

Glasi ya tatu, maji na matone machache ya maziwa. Akamulika. Mama yangu! Njia nyeupe ikatokea ndani ya glasi, imenyooka kutoka upande hadi upande, kama jua linapopenya jikoni kuni zikiwaka.

"Hii sasa, Shemeji, ndiyo koloidi," akasema. "Vipande vyake ni vya kati. Ni vikubwa kuliko vya chumvi, ndiyo maana vinautawanya mwanga ukauona. Ni vidogo kuliko vya udongo, ndiyo maana havizami. Havijayeyuka, na wala havitui. Vinaelea."

Maziwa ni koloidi, matone ya mafuta ndani ya maji. Ukungu wa asubuhi kule juu ni koloidi, matone ya maji ndani ya hewa. Na moshi je, nikauliza. Akasema moshi pia ni koloidi, vipande vya masizi hewani.

Nikasimama. Nikamuuliza kama anaelewa anachosema. Mji wetu mzima una jina la koloidi! Miaka hamsini nimeishi ndani ya koloidi bila kuambiwa!

Doris akasema tuketi kwanza. Losheni ni koloidi pia, akaeleza, ila mafuta na maji hayapendani, yakiachwa peke yake matone ya mafuta yanatafutana na kuungana tena. "Yanahitaji mshenga," akasema. "Kitu ambacho upande wake mmoja unapenda maji na upande mwingine unapenda mafuta. Anasimama katikati, anakizunguka kila kitone, kisiungane na mwenzake."

Mshenga! Hiyo ndiyo lugha ninayoielewa. Nikauliza washenga ni akina nani. Akasema sabuni ni mshenga. Kiini cha yai ni mshenga. Nikawa nimeshasikia vya kutosha. Doris alikuwa bado anaongea, "Lakini Shemeji, kwa ngozi ya mtu...", kitu kuhusu kuoza, kitu kuhusu nta ya nyuki. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimeshafika kwenye banda la kuku.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa, majaribio. Viini viwili kwenye bakuli, nikamwaga mafuta kikombe kizima. Yakakatika! Kama matapishi ya mtoto. Doris akapita, akasema bila kusimama kwamba mafuta yaingie tone kwa tone, ukipekecha bila kuacha. Mshenga mmoja hawezi kupeleka posa mia kwa siku moja.

Tone kwa tone basi. Nikaongeza ndimu kwa ajili ya harufu. Nikaongeza chumvi kidogo isioze, maana nyama ikitiwa chumvi haiozi, hilo sikuhitaji kufundishwa na mwalimu. Nikapekecha. Nikapekecha.

Ikashika!

Nzito. Ya rangi ya maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Nikageuza kijiko chini juu, haikudondoka. Nikamulika tochi, mwanga haukupita kabisa. Koloidi dume! Nikaiacha mezani tangu adhuhuri mpaka kengele ya jioni ya kanisani. Haikutengana.

Nililia kidogo. Vumbi.

Bernadetha akanusa, akasema inanukia chakula. Nikamweleza kuwa hizo ni vitamini.

Jumatano, 17 Julai

Uzalishaji mkubwa. Vichupa arobaini vya mdomo mpana kutoka soko la Mbuyuni, vimechemshwa. Dumu la mafuta limetoka stoo. Mayai sitini, trei mbili, yametoka stoo pia. Yalikuwa yamewekwa pale kwa shughuli. Na hii ni shughuli.

Nilianza asubuhi peke yangu. Kumimina tone kwa tone kwa mkono mmoja na kupekecha kwa mwingine ni kazi ya pweza. Saa tano Bernadetha akaacha cherehani. Hakuuliza kitu. Akachukua kikombe cha mafuta, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akaanza kumimina. Ana mkono mtulivu, ni mtu wa sindano.

Tukaenda hivyo mpaka alasiri. Katikati ya bakuli la tatu akaniuliza kama nakumbuka siku yetu wenyewe, baba yake alivyotoa mbuzi aliyegeuka kuwa mgonjwa. Nikacheka. Akasema, "Baba yangu alitaka tu kutoa kitu, Sirili." Akaendelea kumimina.

Sijui kwa nini alinikumbusha habari ya mbuzi. Losheni yangu haiumwi.

Vichupa arobaini vimejaa. Lebo: LOSHENI YA KIFALME. VICTORIA NA JACOB. PAKA ASUBUHI NA JIONI. Sijaandika tikisa. Haihitaji kutikiswa!

Alhamisi, 18 Julai

Mektrida amekuja kuchukua mayai yake.

Amekuta ndoo ya ute.

Ameingiza kijiti, amekitoa, ameangalia ute unavyoning'inia. Kisha ameniuliza, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pampu ya maji, "Baba Victoria, umekunywa viini sitini?" Nikamjibu kwa utulivu kuwa hakijapotea hata kiini kimoja, vyote vimepanda cheo. Akasema mayai yale yalikuwa ya saladi yake ya viazi. Saladi ile inajulikana Njoro nzima. Aliwahi kuombwa aipeleke kwa Askofu. Nikasema nampa ute wote, sidai hata shukrani.

Akauliza, "Kwa hiyo wakwe niwape viazi vikavu?"

Nikamwambia viazi ni viazi.

Mwanamke huyo alipumua kwa pua mara mbili. Akaapa kumwambia Victoria. Bernadetha akamshika mkono, wakatoka nje, wakanong'ona hadi chungu cha maharage kikaungua. Wivu. Vipaji viwili havikai mtaa mmoja.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika haraka, utukufu usije ukapoa.

Wageni walifika saa nane. Marangu yote! Turubai limejaa. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Kila mgeni wa upande wa Jacob anakuta kichupa mbele ya sahani yake. Victoria ndani ya gauni lililoshonwa na mama yake, malkia mtupu. Alipoviona vichupa akanitafuta kwa macho. Nikamwinulia kidole gumba. Akafumba macho.

Chakula kikapakuliwa. Ndizi nyama, wali, na viazi vya Mektrida vikavu kama chaki. Nilisikia watu wakivimeza kwa taabu. Sikushangaa.

Shangazi yake Jacob, Mama Zita, mwanamke mkubwa mwenye vitenge viwili, ndiye alikuwa wa kwanza kusoma lebo. Akapiga kelele za furaha, akafungua, akajipaka. Mikono yote. Shingo. Akavua na viatu akapaka miguu. Ngozi iling'aa kama shaba! Nikageuka nimtafute Mektrida aone.

Nikasikia Mama Zita akisema "mh."

Nzi. Mmoja, halafu ukoo. Akawafukuza kwa leso, wakarudi na jamaa zao. Kisha paka wa jirani akatoka chini ya meza akaanza kumlamba kisigino. Mama Zita akaruka. Kiti kikaanguka. Watoto wakacheka. Halafu ukimya ule wa Marangu ukashuka, ule wa kabla ya kujibu, watu mia wakiangalia vichupa vyangu. Meza kuu Victoria ameinamisha kichwa. Niliona mabega yake yameshuka.

Sitaandika nilivyojisikia. Naandika tu kwamba nilitafuta mahali pa kuweka mikono nikakosa.

Mzee Aminieli akasimama.

Akachukua kichupa chake. Akafungua. Akanusa. Akatia kidole, akaonja! Akafumba macho, akakaa hivyo muda ambao padri angeweza kumaliza sala. Kisha akavuta sahani yake, akachota losheni yangu kijiko kizima, akaipaka juu ya viazi vikavu vya Mektrida, akachanganya polepole, akala. Mbele ya watu wote!

"Nani ametengeneza hii?" akauliza.

Miguu ilitaka kukimbia. Nikasimama. Nikasema ni mimi.

"Kwa mashine?"

"Kwa mkono, Mzee."

"Na haijakatika." Akageuza kijiko chini juu. Haikudondoka. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Ni koloidi, Mzee."

Basi akawageukia watu wake, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Akasema ninyi mnajua nilifanya kazi hoteli, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini humo. Miaka thelathini alikuwa jikoni. Miaka sita ya kwanza alikatazwa kugusa bakuli la kitu hiki, alimenya viazi tu. Mwaka wa saba mpishi mkuu akaumwa, akapewa kijiti, akapekecha mpaka jasho likamwingia machoni, ikashika. Siku hiyo alitaka kuja nyumbani kumwambia mama yake, lakini angemwambia nini? Kwamba ameunganisha mafuta na siki? Chakula cha kule hakikuruhusiwa kutoka nje ya geti. Hakuna ndugu yake aliyewahi kuonja kazi ya mikono yake.

"Leo nimeikuta Njoro," akasema. "Kwa baba wa binti yetu. Ndugu zangu, hii inaitwa mayonezi. Kuleni."

Wakala! Vichupa vikafunguka kama bunduki. Wakapaka kwenye viazi, kwenye ndizi, kwenye nyama. Viazi viliisha. Watu waligombania sufuria. Mzee Aminieli, kama msemaji wa ukoo, akamshukuru mpishi kwa hekima ya kuviacha viazi vikavu ili kila mtu ajichanganyie mwenyewe. Nikajua nimekwisha, Mektrida sasa atasema yote. Mektrida akaniangalia. Akapumua kwa pua. Akasema kwa sauti kubwa kwamba ndiyo, walipanga hivyo yeye na Baba Victoria.

Nilijaribu kuwaeleza wageni kuwa kuna kutoelewana, hii ni losheni, imeandikwa. Bernadetha akanikanyaga mguu kwa kisigino cha kiatu kipya.

Mama Zita alipewa beseni la maji ya moto na kanga mpya. Alirudi akala viazi sahani mbili.

Victoria akaja akicheza kutoka meza kuu, katikati ya vigelegele, akanikumbatia akicheka huku analia. Alisema "Baba" tu. Nikamwambia asijali sare, doa la mafuta linatoka kwa maji ya moto. Akanikumbatia tena.

Nimekuwa nikitafakari tangu wageni waondoke. Losheni ngapi duniani mtu anaweza kuzila? Ile ya Dubai jaribu kuila uone! Watu mia wamekula losheni yangu na hakuna aliyeugua. Hakuna kipimo cha ubora kuzidi hicho.

Jumatatu, 22 Julai

Victoria amefunga masanduku yake kwa ajili ya harusi. Amebeba pia kichupa kimoja kilichobaki, amekifunga kwa kitambaa kama yai. Amesema ataanza nacho maisha, atakiweka mezani. Nimemsahihisha. Bafuni.

Jumanne, 23 Julai

Mzee Aminieli aliniita Marangu. Nilipanda mapema. Juu ya Himo ukungu ulikuwa mzito, migomba haionekani hata hatua tano. Nilimweleza mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kwamba tunatembea ndani ya koloidi. Akaniombea.

Mzee alinipokea jikoni kwake, siyo sebuleni. Amenitolea aproni yake ya zamani, imekunjwa ndani ya gazeti. Amenionyesha mikono. Inatetemeka. Tone kwa tone haiwezi tena, akasema. Lakini hoteli za hapa bado anazijua zote, na wapishi wanaopanda na wageni mlimani ni wanafunzi wake. Wanaagiza mayonezi ya kopo kutoka Nairobi, ghali, na haina ladha. Wewe una mkono, akasema. Mimi nina mlango. Tufanye pamoja, Baba Victoria, kabla sijaondoka na kitu hiki kifuani.

Macho yake yalikuwa na maji. Nilimhurumia sana.

Nikamwambia hapana, kwa heshima zote. Mimi si mpishi. Mimi ni mtu wa viwanda, nimeshughulikia ngozi ya Mtanzania, siwezi kushuka nikapaka viazi vya watalii. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Nikaona amekubali hoja. Ili asiumie nikamwambia kama anataka mtu wa jikoni, Njoro kuna mwanamke anaitwa Mektrida, hana akili ya utafiti lakini anapika. Nimempa na utaratibu wote, viini, ndimu, chumvi, mafuta tone kwa tone. Nikauandika kwenye karatasi na kuusaini.

Nikateremka nikipiga mluzi. Ni raha kuwa mkarimu.

Jumamosi, 27 Julai

Mektrida na Mzee Aminieli wameanza. Tangu Alhamisi mama huyo anapika kwake, Mzee ameketi kwenye kiti uani, amevaa ile aproni, anamwamuru kama jenerali. Anacheka! Nimemsikia mpaka huku. Hoteli mbili zimeshaagiza, na Bernadetha ameombwa awe anamimina mafuta, kwa sababu ya mkono wake mtulivu. Amekubali. Masikini, wote hao maisha yao yote watakuwa wanapekecha mayai.

Mimi nimesonga mbele. Kanisa linataka ukumbi wake upakwe rangi upya kabla ya Krismasi. Bado hawajaniomba. Rangi ya Kifalme! Rangi ni nini? Chokaa na maji. Hakuna siri nyingine. Nimekoroga ndoo nzima asubuhi, ikawa nyeupe kama maziwa. Doris akapita, akafungua mdomo kunieleza jambo kuhusu vipande vikubwa na vipande vidogo. Nikamkatiza kwa upole. Nikamwambia, Shemeji, mimi koloidi nimewalisha watu.

Mchana nikachungulia. Chokaa yote imelala chini, maji matupu yamebaki juu.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimefunga mfuniko kwa mpira, nimeufungia na waya, na nimeigeuza ndoo chini juu. Sasa chokaa iko juu.